Kompyuta Saba, Kikohozi Kimoja

Nisingependa kuisimulia hii, lakini watu wa Gisimenti, hapa Kigali, wameshaisimulia kabla yangu, na kila anayeisimulia ananiongezea ujinga ambao sikuufanya, kwa hiyo nimeona bora niseme mwenyewe ule nilioufanya, maana unatosha. Mimi ni mtu wa miaka hamsini na mbili, nina digrii mbili (moja ya Dar es Salaam, nyingine siitaji kwa sababu nadhani hata walionipa hawaikumbuki), mchana natafsiri nyaraka katika ofisi moja pale Kacyiru, na muda unaobaki naandika makala za Kiswahili kwa wasomaji ambao, wale wa Kigali, wote wangetosha sebuleni kwangu na viti vikabaki. Makala zangu nyingi zinahusu haki. Nalisema hilo mapema ili ijulikane nilianguka kutoka urefu gani.

Chanzo ni binti yangu Keza. Amesomea usanifu wa majengo, na mwaka huu ofisi moja ya wasanifu iliyoko Nyarutarama ilimpa ramani ya nyumba na kumwambia: tutengenezee video, mtazamaji aingie mlangoni, apite sebuleni, apande ngazi, alione ziwa kupitia dirisha la juu; ilete Ijumaa ya kwanza ya mwezi ujao, na ikitupendeza una kazi. Keza ana kompyuta ya mezani aliyoiunga mwenyewe kwa vipande alivyonunua kimoja kimoja, nayo ilikuwa na kila kitu isipokuwa kadi ya grafiki, yaani kile kipande chenye feni mbili ambacho kazi yake ni kuchora picha. Bila hicho, alipiga hesabu, video ya dakika mbili ingejichora kwa wiki tano, tena umeme usikatike. Yeye alikuwa na wiki tatu.

Sasa, kampuni inayotengeneza kadi hizi huandika bei yake kwenye tovuti, waziwazi, dunia nzima iione. Kuiona ndiyo haki yetu sote. Kuilipa ni haki ya wachache. Ukibonyeza kununua unaulizwa uko nchi gani, unashuka kwenye orodha mpaka herufi R, unaikuta Romania, halafu orodha inairuka nchi yetu. Kwa faranga zetu bei ile ilikuwa kama laki nne na nusu. Mjini kadi ileile, kwenye boksi lilelile, ilikuwa laki tisa kasoro kidogo, na ukiuliza kwa nini unaambiwa ni usafiri, ni ushuru, ni dola, ni watu wa akili bandia huko ng'ambo wanaozinunua kama viazi. Yote ni kweli, ila ukiyajumlisha hayafiki hata nusu ya kile kilichoongezeka, na ile sehemu inayobaki haina jina. Mwenye binamu Brussels analetewa kwenye sanduku la nguo kwa bei ya Brussels. Binamu zangu mimi wako Karagwe, na wana ng'ombe.

Ndipo anapoingia Mama Arnaud. Ana duka la kompyuta Gisimenti, ghorofa ya kwanza, juu ya mgahawa. Amekulia Buyenzi, Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili ndicho anachogombezea watu na ndicho anachosalia, na ana kaka yake anayefanya kazi kwa wauzaji wa jumla nje, ambaye kila baada ya miezi kadhaa humtumia kadi nne kwa bei ileile ya kwenye tovuti. Naye huziuza kwa bei hiyo akiongeza nauli tu. Mara ya mwisho kabla ya mkasa wangu, waliingia motari wanne, yaani waendesha pikipiki za abiria, wakiwa na kofia zao kichwani, kila mmoja akalipa taslimu akachukua moja, na kufika saa saba mchana kadi zote nne zilikuwa kwenye kabati la duka moja mjini, kwa laki tisa kasoro. Kumbe mtu mmoja aliwatuma wote.

Mama Arnaud akaapa. Safari hii, alisema, anayetaka kadi aandike barua, kwa mkono wake, nusu ukurasa, aeleze anafanya kazi gani na kwa nini anaihitaji, aitumbukize kwenye kopo la biskuti lililoko kaunta. Yeye atazisoma achague wanne.

Keza aliandika yake asubuhi, akinywa uji amesimama. "Papa," akaniambia, "iko tayari. Nipitishie kwa Mama Arnaud ukienda kazini."

Nikaisoma ngazini (hakuniambia nisiisome). Ilisema: *Jina langu ni Keza. Natengeneza video za nyumba. Nina mtihani wa kazi na kompyuta yangu haina kadi. Nikiipata sitaiuza.* Basi. Sentensi nne, kama telegramu ya msiba. Nikawaza: mtoto wa mwandishi, na maisha yake yananing'inia kwenye karatasi hii, halafu anaandika hivi? Na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo, mdogo kiasi kwamba sikuuona kuwa ni uamuzi: niliketi kwenye ule mgahawa wa chini, nikaagiza chai ya maziwa na sambusa mbili, nikamwandikia upya.

Nikiri kwamba ilikuwa barua nzuri. Niliandika kwamba kompyuta yangu (yaani yake) inakohoa kama mzee wa pumu anayepanda mlima wa Kacyiru. Niliandika kwamba bibi yangu (yaani mama yangu mzazi, tunayeishi naye) macho yanamfifia, na anaomba aione nyumba niliyoichora kabla giza halijamfikia. Mama yangu ana miaka themanini na anatunga uzi kwenye sindano bila miwani, lakini mkono ulishapata moto. Nikainamisha herufi zifanane na za Keza, nikaitumbukiza koponi, ile yake halisi nikaitia mfuko wa koti.

Niliposhuka, Fidèle alikuwa ananingojea. Huyu ni motari anayeegesha pikipiki pale mlangoni, na jioni hutengeneza video za harusi. Alikuwa ameniona dirishani.

"Muzee, ile ilikuwa barua ya kwa Mama Arnaud?"

"Ndiyo."

"Mimi maneno yangu iko mubaya. Niko na harusi mbili zimekwama, wenyewe wananipigia simu kila siku, bibi harusi mmoja ameshapata mimba na video haijatoka. Unipangie maneno, mimi nitanakili."

Ningemkatalia vipi? Na kwa kweli nilijisikia vizuri. Hapa ndipo usawa unapopatikana, nikajiambia, kalamu ya msomi ikimtumikia mtu wa barabarani. Nikamtungia, na kompyuta yake ikakohoa pia. (Mwandishi akipata sentensi nzuri ni kama mtu mwenye koti moja zuri: atalivaa harusini, atalivaa msibani, atalivaa akienda benki. Na kila barua ilikuwa inaenda kwa msomaji mmoja aliyejifungia ofisini, akizisoma moja moja, nani angekumbuka?) Fidèle akamwambia mwenzake, mwenzake akamwambia dada yake, dada yake anafanya kazi jengo moja na mimi kule Kacyiru. Mmoja nilimtungia kwa Kinyarwanda, mmoja kwa Kifaransa, mmoja kwa Kiingereza, na katika lugha zote nne mzee yule wa pumu alipanda mlima uleule.

Wa saba alikuwa Bosco. Sikumjua. Alikuja mezani kwangu Alhamisi jioni, shati limenyooshwa, akaniita mukubwa, akaniagizia mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, na akasema amesoma makala yangu moja ikamgusa sana. Hakutaja ni ipi, na sikuuliza, mwandishi hafanyi upelelezi katika mambo ya aina hiyo. Akaniambia anafundisha kompyuta watoto wa shule ya Jumapili. Nikatafuta karatasi ya kutungia, zimeisha, nikachukua iliyokuwa mfukoni, nikaandika nyuma yake. Bosco akanakili kwa mwandiko safi, akanirudishia karatasi yangu, akashukuru. Ile ndiyo iliyokuwa barua yangu bora kuliko zote. Ilikaribia kunitoa machozi, na mimi ndiye niliyeitunga.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, ile kazi ya mikono ya mtaa mzima, tukiwa bado na majembe mikononi, kila aliyeandika barua akapata ujumbe kwenye simu: *Njooni dukani saa nane. Nitazisoma mbele ya wote, kama mkutano wa mtaa. Anayemjua mwenzake aseme.*

Nililisoma lile neno *wote* mara tatu.

Tulikuwa kama watu thelathini, wengine kwenye viti vya plastiki, wengine ngazini, wengi na matope ya umuganda kwenye viatu. Keza alikaa kushoto kwangu. Mama Arnaud akasimama nyuma ya kaunta, akavaa miwani, akafungua kopo. Ya kwanza ilikuwa ya mpiga picha wa studio, akaisoma, akauliza nani anamjua, mikono ikanyooka, ndiyo, anapiga picha za pasipoti, ni mtu wa kweli. Ya pili ilikuwa ya Fidèle. Alipofika kwenye mzee wa pumu watu wakacheka, kicheko kizuri cha kupenda, na mimi (Mungu anisamehe) nikafurahi.

Keza hakucheka. "Papa," akaninong'oneza, "hii sentensi naijua. Uliiandika kwenye makala ya gari letu."

Ya tatu ilikuwa ya Kifaransa. Mama Arnaud akawa anaifasiri taratibu, halafu akarudia mstari. "Na hii nayo inakohoa," akasema. "Inapanda mlima uleule."

Ya nne, Kinyarwanda. Hakuhitaji kufasiri. Watu waliinama kwa kicheko.

"Mama," sauti moja ikasema kutoka ngazini, "hizi kompyuta tuzipeleke zipimwe kifua kikuu."

"Usicheke," mwingine akamjibu, "inaambukiza. Mimi niko na laptopu nyumbani."

Mama Arnaud hakucheka. Alichambua kopo lote kimyakimya akitenga zinazokohoa upande mmoja, zikawa saba, na ya juu kabisa akaisoma kwa sauti. Ilikuwa ya Keza. Mwanangu alinigeukia pale ilipofika kwa bibi na giza lake.

"Keza," Mama Arnaud akasema kwa upole, "bibi yako si ndiye anayesoma somo la kwanza misa ya saa moja? Jumapili iliyopita si alimsahihisha padri namba ya zaburi?"

"Ndiye, Mama."

"Macho yamefifia tangu Jumapili?"

"Hayajafifia, Mama. Mimi sikuandika hiyo."

"Nani ameandika hizi?"

Fidèle akasimama, kwa sababu Fidèle ni mtu mwaminifu. "Mama, mimi niliandika kwa mukono yangu. Lakini maneno iko ya muzee ule." Akaninyooshea mkono wote, kwa heshima, kama anayemwelekeza abiria.

Nikasimama. Ningeweza kuomba radhi nikaketi, na ingeishia hapo. Badala yake nilitoa hotuba. Nilisema kwamba barua ni kipimo kizuri lakini kinampendelea anayejua kuandika; kwamba motari mwenye kazi ya kweli atashindwa na mtu wa ofisini mwenye maneno matamu; kwamba nilichofanya ni kusawazisha mizani. Na niseme ukweli, hata leo naiona hoja hiyo ina uzito, na pale dukani baadhi ya watu walianza kutikisa vichwa kukubali.

"Nimekuelewa, Papa Keza," Mama Arnaud akasema. "Uliwasaidia wasiojua kuandika. Na Keza? Naye hajui kuandika?"

"Anajua," nikasema, na kwa haraka ya kumtetea nikaingiza mkono mfukoni. "Barua yake halisi hii hapa."

Akaipokea, akaisoma, zile sentensi nne. Akaisoma tena. Uso wake ukalegea. "Hii ndiyo aina niliyokuwa naingoja," akasema, na nikamwona Keza akiinua kichwa. Halafu Mama Arnaud, kama mtu yeyote aliyeshika karatasi, akaigeuza.

Nyuma kulikuwa na mwandiko wangu: *Mimi ni mwalimu wa watoto wa shule ya Jumapili, na kompyuta yetu moja inakohoa...* Akaichukua barua ya Bosco, akaziweka sambamba juu ya kaunta. "Bosco ni nani?"

Bosco akasimama, shati limenyooka vilevile. Kabla hajafungua mdomo, motari mmoja aliyekuwa mlangoni akasema, bila hata kupaza sauti: "Mama, huyu iko na duka kule mujini. Ndiye alitutuma ile siku. Alitupatia elfu tano-tano."

Na Bosco hakukana. "Mimi nilimwomba mutu anayejua kuandika aniandikie," akasema. "Hakuniuliza nafanya kazi gani. Aliniuliza kama pilipili iko."

Watu walicheka mpaka nikasikia viti vikigongana. Mimi nilibaki nimesimama, kwa sababu miguu ilikuwa imesahau jinsi ya kukaa, nikiwaza kwamba ni kweli kabisa, nilimwuliza kuhusu pilipili. Miaka yote hii naandika kuhusu bei zinazowakwepa watu wetu, na mtu anayezikweza alipoketi mezani pangu nilimpa silaha bora niliyokuwa nayo kwa mishikaki mitatu.

Hukumu ilikuwa fupi. Barua saba zimeondolewa, zote. Fidèle na harusi zake mbili, dada wa Kacyiru, wote. Mtu mmoja akauliza, hata ya Keza?

"Keza mwanangu," Mama Arnaud akasema, "barua yako ningeichagua. Lakini haikuingia kwenye kopo. Iliyoingia ni ya baba yako, na ile ina uongo. Nikikupa wewe, hawa sita nitawaambia nini?"

"Ni sawa, Mama," Keza akasema. Hakuniangalia.

Kadi zilikwenda kwa wengine wanne. Mmoja alikuwa mwanamke anayechora ramani za viwanja, barua yake ilikuwa mistari miwili na makosa matatu (niliyahesabu, hata katika hali ile niliyahesabu), na alipoitwa alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Nikawaza kwamba kama sentensi zangu zingekuwa tofauti kidogo, kama ningekuwa mvivu kidogo au hodari kidogo, yule mama angerudi nyumbani mikono mitupu na Bosco angeondoka na kadi, na mimi ningeandika makala kuhusu ubaya wa bei za mjini.

Zilibaki siku sita kufika ile Ijumaa. Jumatatu tukaenda mjini, kwenye duka la Bosco, kwa sababu ndiko kadi zilikokuwa. Nilibeba pesa tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya paa la jikoni. Bosco alitupokea kama jamaa waliopotezana.

"Mukubwa wangu, hakuna ubaya," akasema. "Kwako napunguza laki moja. Halafu zile za safari ijayo tutaziandika pamoja, polepole, kila moja na ugonjwa wake."

Mimi ni mtu ninayeomba kupunguziwa hata fungu la nyanya. Nakiri kwamba laki moja niliiona mbele yangu, niliona mabati mangapi ingenunua. Keza ndiye aliyejibu.

"Tunalipa bei iliyoandikwa," akasema, akaivuta bahasha ya pesa mkononi mwangu na kuiweka kaunta.

Video ilikamilika Alhamisi, akaipeleka Ijumaa, na kazi aliipata. Nasema hivyo haraka kwa sababu wasimulizi wa Gisimenti hupenda kuishia kwenye barua saba, kana kwamba yeye hayumo. Fidèle naye nilimfuata kumwomba radhi, na kwa aibu nikamwambia kwamba kadi zikija tena nitamsaidia vizuri zaidi. "Hapana, muzee," akasema akivaa kofia yake, "ile ingine naandika mwenyewe. Nikikosa, nikose na maneno yangu."

Lakini kilichonibakia ni swali la Keza, siku ile tukitoka kwa Bosco, ameshika boksi kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Hakuwa na hasira, ndiyo maana sikuweza kujificha.

"Papa, barua yangu ilikuwa na kosa gani?"

Nilitafuta. Nina digrii mbili na nilitafuta kweli. "Haikuwa na kosa."

"Basi kwa nini?"

"Ilikuwa fupi," nikasema. "Niliogopa wangesema haikuandikwa na mtoto wangu."

Akafikiri kidogo, tukiwa tunavuka barabara. "Ilikuwa ni barua ya kuomba kadi," akasema.

Tangu hapo nimejiwekea sharti, na nimeliandika ili wanaonijua wanishike nalo: barua ya mtu ambaye hajaniomba sitaigusa, hata akiwa wa damu yangu, hata ikiwa na sentensi nne. Na yule atakayeniomba, kabla sijafungua kalamu na kabla chakula hakijaletwa, nitamwuliza kwanza anauza nini.